Kifaranga Huandaliwa Kabla ya Kuanguliwa



Wazee wetu walisema, "Kuku havunji yai lake." Neno hilo ni la kweli, lakini wengi wetu twalifanya kisingizio cha uvivu. Twamwachia koo kazi yote: aatamie, aangue, alishe na kupigana na mwewe. Kisha vifaranga wakiisha, twasema, "Ndivyo kuku walivyo." Sivyo hata kidogo. Vifaranga wengi hufa kwa sababu mwenye nyumba hakujitayarisha. Nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, binti yangu aliye darasa la 5 alikuwa na koo aliyeatamia mayai 12. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake: majogoo atawauza anunue viatu vya shule, na matetea atawafuga. Akaniambia, "Baba, naomba unisukie tenga kabla hawajatoka." Mimi nilikuwa na vitabu vya ubatizo vya kunakili, nikamjibu, "Mwanangu, kuku havunji yai lake. Mwachie mama yao."

Wakatoka vifaranga 11. Siku ya tatu mwewe alitwaa 2. Siku ya sita wengine 2 walizama katika sufuria ya maji ya mbuzi. Juma la pili mvua ilinyesha usiku, banda likavuja, na asubuhi tukawakuta 4 wamekufa kwa baridi. Wakabaki 3. Binti yangu hakunilaumu. Alichukua daftari lake, akafuta 11, akaandika 3. Heri angalininung'unikia.

Basi, tusikilizane. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Hizo ndizo siku za kazi yako, wala si chache.

Kwanza, kiota. Mwekee koo mayai 10 hadi 13 kwa kadiri ya ukubwa wa mwili wake, nayo yasiwe yamekaa zaidi ya siku 10 tangu kutagwa. Tumia kikapu au chungu kipana chenye majani makavu, na chini yake nyunyiza majivu ili kuzuia chawa na utitiri. Koo anayeumwa na wadudu huondoka kiotani, na mayai hupoa. Usiku wa siku ya 7, shika kila yai mbele ya kurunzi. Lenye uhai huonyesha mishipa midogo ya damu kama mizizi. Lisilo na mbegu hung'aa tupu, nawe uliondoe.

Pili, tenga na banda. Suka tenga pana la fito au matete, lenye matundu madogo. Mchana koo na wanawe wakae chini yake, penye kivuli, na juu yake pawe na jiwe ili paka asilipindue. Usiku walale bandani. Panda juu ya paa sasa, kabla ya mvua, uzibe penye kuvuja. Sakafuni tandaza maranda au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu, na palipolowa pabadilishwe upesi. Unyevu huleta baridi, tena hustawisha ugonjwa wa kuhara damu, ambao mara nyingi huwapata vifaranga tangu juma la tatu. Ukiona damu katika mavi yao, usibahatishe dawa: mwulize bwana mifugo, na matandiko yote yabadilishwe siku ile ile.

Tatu, maji na chakula. Maji yawe katika sahani isiyo na kina, yenye kokoto safi ndani yake, ili kifaranga anywe pasipo kuzama. Yabadilishwe kila siku. Kuhusu chakula, usiwe na haraka saa ile ya kwanza. Kifaranga hutoka na akiba ya kiini cha yai tumboni mwake, hivyo mwache akauke chini ya mama yake. Baada ya hapo mpe chenga laini za mahindi au mtama, zilizochanganywa na dagaa waliosagwa au mchwa, na mchicha uliokatwa vipande vidogo. Mpe kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku. Pumba tupu hujaza tumbo lakini haijengi mwili. Ni kweli kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Lakini kama hapana kitu cha kuchakurwa, ustadi wake wafaa nini?

Wako pia wanaonunua vifaranga wa siku moja, wasio na mama. Hao wewe ndiwe mbawa zao. Tengeneza uzio wa duara kwa boksi au mkeka, kwa maana penye pembe hurundikana na kukanyagana hata kufa. Washa taa ya chemli mapema, pawe pamepata joto kabla hawajafika, na uitundike mahali isipoweza kuanguka. Juma la kwanza hutaka joto la digrii 32 hadi 35, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kila juma. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe. Wakisongamana chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika na kula kwa utulivu, umepatia. Lakini jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ni hatari. Hewa yake huua kimya kimya, vifaranga na watu pia. Usilitumie pasipo njia ya kupitisha hewa, wala usilale humo.

Nne, chanjo. Kideri hufagia kijiji kizima, mara nyingi wakati wa kiangazi, wala hakina dawa ya kuponya. Kinga yake ipo, nayo ni nyepesi. Chanjo iitwayo I-2, ambayo hapa Tanzania hutengenezwa Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi za kideri. Hutiwa tone moja jichoni, hata kwa kifaranga, kisha hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chupa moja hutosha kuku wengi; kwa hiyo majirani wapatane, wanunue pamoja na kuchanja siku moja. Wachanjwe kuku wazima tu. Wakiisha kuugua, umechelewa.

Mwisho, vifaranga wakitimiza juma la 4 na kuota manyoya, watenge na mama yao. Naye atarudi kutaga mapema kuliko akiachwa alee miezi miwili au mitatu.

Mwaka huu koo yule yule aliatamia tena. Safari hii nilisuka tenga siku ya 5, nikaziba paa siku ya 9, na binti yangu akaokota kokoto mtoni. Vifaranga 10 walitoka. Mmoja alikuwa dhaifu, akafa siku ya pili. Wengine wote wamekwisha kutengwa na mama yao, na manyoya yamewajaa.

Viatu havijanunuliwa bado. Lakini daftarini imeandikwa 9, nayo haijafutwa.

Kwaherini hadi juma lijalo.

Ni mimi,
Karani wa Parokia