Someni vitabu vya Ember, kisha mtusimulie



Jumamosi iliyopita mzazi mmoja aliniuliza kwa nini namwachia mwanangu asome hadithi za dunia iliyoangamia. "Mwalimu, hazitamtia mtoto hofu?" Nilimjibu kwa kifupi mlangoni. Leo nimjibu kwa kirefu.

Vitabu vyenyewe ni vinne, vya Mmarekani Jeanne DuPrau. Cha kwanza, The City of Ember, kilitoka mwaka 2003. Ember ni mji usio na jua wala mwezi. Watu wanategemea taa za umeme na vyakula vya makopo, na sasa taa zinazimika mara kwa mara na ghala linakwisha. Lina na Doon, wote wa miaka 12, wanatafuta njia ya kutoka.

Waliojenga mji waliacha maelekezo ndani ya kasha la kufunguka baada ya miaka 200. Kila meya alitakiwa kumkabidhi anayemfuata. Meya wa saba akalipeleka nyumbani kwake, akafa bila kumwambia mtu. Kasha likasahauliwa kabatini. Lilipokuja kuonekana, mdogo wake Lina aliitafuna ile karatasi, Lina akabaki kuunganisha vipande.

Hapo nilifunga kitabu kwanza. Mimi ni nesi wa zamu za usiku. Asubuhi namkabidhi mwenzangu wagonjwa: huyu amekunywa dawa saa ngapi, yule asipewe nini. Nikisahau jambo moja, anayeumia ni mgonjwa. Kazini sisahau, nyumbani nilisahau. Kwa uchovu nilizoea kusema na mwanangu Kiingereza tu. Siku moja bibi yake alipiga simu kumpa pole ya homa. Mtoto akanipa simu: "Mama, bibi anasema nini?" Meya wa saba nilikuwa mimi.

Kitabu cha pili, The People of Sparks, kinatugusa sisi wahamiaji. Watu zaidi ya 400 wa Ember wanafika kijiji chenye chakula kidogo. Wanapokewa vizuri, kisha wenyeji wanaanza kuchoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Muulize mtoto wako nani ana haki hapo. Mimi na wangu tulibishana mpaka chai ikapoa.

Kuhusu hofu: katika kitabu cha kwanza bibi yake Lina anafariki, kwa hiyo mzazi kaa karibu. Kitabu cha tatu kinarudi nyuma, kabla ya maangamizi, msishangae. Cha nne kinawarudisha Lina na Doon.

Ombi langu ni moja. Someni kwa Kiingereza, lakini kila Jumamosi nitatenga dakika tano mtoto asimulie sura moja kwa Kiswahili. Maneno yakimkwama, tutaunganisha vipande pamoja.