Alama Irudi kwa Mwenyewe: Maoni Kuhusu Kupanga Orodha Zinazohusiana



Kila mwaka ninaposahihisha majaribio ya somo la kompyuta hapa Miyuji, nakuta wanafunzi wengi wanajua kupanga orodha moja. Ukiwapa alama tano watazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo bila shida. Ukiwapa majina, namba za mtihani na alama kwa pamoja, wengi hupanga alama peke yake na kuyaacha majina yalipokuwa. Wanadhani wamekosa nusu ya swali tu. Mimi nasema hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mada hii, na nitakueleza kwa nini, nikianza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipoanza kazi, katika shule nyingine, nilipewa kidato cha tatu. Mwanzoni mwa mwaka tuliwapa wanafunzi jaribio la Fizikia ili kugawa michepuo. Niliingiza matokeo kwenye jedwali la Excel: majina safu ya kwanza, namba safu ya pili, alama safu ya tatu. Niliambiwa orodha ianze na mwenye alama nyingi. Ilikuwa jioni na umeme ulikuwa ukikatika kila mara. Nikachagua safu ya alama peke yake, nikaamuru ipangwe. Kompyuta iliniuliza kama nilitaka kuzihusisha na safu za jirani. Sikusoma. Nikabofya kuendelea, nikachapa, nikabandika kwenye ubao wa matangazo.

Kulikuwa na binti mmoja darasani, hapa nitamwita Editha. Alikuta 9 mbele ya jina lake. Hakuja kulalamika, maana aliamini mwalimu hakosei. Akapelekwa mchepuo wa sanaa, akakaa huko wiki mbili. Kisha mama yake akaja shuleni na karatasi ya jaribio mkononi. Juu yake ilikuwa imeandikwa 78 kwa kalamu yangu nyekundu. "Mwalimu," aliniuliza kwa upole, "hii tisa imetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Nisamehe, mama, ngoja nikaangalie." Nilirudia karatasi zote moja moja, nikakuta karibu kila mwanafunzi amebeba alama za mwenzake.

Sasa tazama kosa hilo lilivyo, kwa mfano mdogo wa wanafunzi watano:

Jina: Amina, Baraka, Chiku, Daudi, Editha
Namba: 01, 02, 03, 04, 05
Alama: 62, 78, 9, 100, 78

Orodha ziko tatu, lakini watu ni watano. Kinachomfanya Amina awe na 62 ni kitu kimoja tu: jina lake liko nafasi ya kwanza katika orodha ya majina, na 62 iko nafasi ya kwanza katika orodha ya alama. Nafasi ndiyo kamba inayowafunga pamoja. Ukipanga alama peke yake kwa kushuka, utapata 100, 78, 78, 62, 9. Majina hayajasogea. Kwa hiyo Amina anasomeka 100, Baraka 78, Chiku 78, Daudi 62 na Editha 9.

Tumia viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Amina ametoka C akaingia A. Daudi ametoka A akaanguka C. Chiku aliyepata F anashangilia A, na Editha wa A analia na F.

Angalia mambo mawili ambayo wanafunzi wengi hawayaoni. La kwanza, Baraka hajabadilika. Alikuwa na 78 na bado ana 78, kwa bahati tu. Mwalimu akihakiki mstari wa Baraka peke yake atasema orodha iko sawa. La pili, jumla ya alama bado ni 327 na wastani bado ni 65.4. Idadi ya A bado ni tatu, C ni moja na F ni moja. Kila hesabu ya darasa inatoka sahihi, ilhali wanafunzi wanne kati ya watano wamedhulumiwa au wamependelewa. Ndiyo maana nasema kosa hili ni baya. Programu haizimi, wala hakuna ujumbe wa hitilafu, na ripoti inapendeza. Anayegundua ni yule aliyeumia, na yeye mara nyingi hunyamaza.

Je, tupangeje? Zipo njia tatu, na kila mtahiniwa anapaswa kuzijua.

Njia ya kwanza ni kupanga nafasi. Usiguse orodha yoyote. Tengeneza orodha ya nne yenye nafasi tu: 1, 2, 3, 4, 5. Ipange hiyo kwa kutazama alama zilizopo katika kila nafasi. Utapata 4, 2, 5, 1, 3. Sasa soma orodha zote kwa mfuatano huo: Daudi 100, Baraka 78, Editha 78, Amina 62, Chiku 9. Kumbuka kwamba lugha nyingi za programu huanza kuhesabu nafasi kwa 0, kwa hiyo ndani ya kompyuta mfuatano huo utakuwa 3, 1, 4, 0, 2.

Njia ya pili ni kutumia amri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Lugha ya PHP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf na inayotumika katika tovuti nyingi, ina amri iitwayo array_multisort. Unaipa orodha kadhaa kwa mara moja. Orodha ya kwanza ndiyo inayoongoza, na nyingine huifuata. Wawili wakilingana katika orodha ya kwanza, orodha ya pili ndiyo inayoamua. Ukiweka alama kwanza na majina ya pili, Baraka na Editha wenye 78 watafuatana kwa alfabeti. Ukitanguliza majina, orodha yote itapangwa kwa majina. Mfuatano wa kuzitaja una maana, kwa hiyo usizitaje ovyo.

Amri hiyo ina tabia moja ninayoipenda: orodha zikiwa na urefu tofauti, inakataa kufanya kazi. Tuseme Chiku hakufanya mtihani, nawe ukaruka alama yake. Majina yatakuwa matano na alama nne, na alama ya Daudi itapanda kukaa mahali pa Chiku. Asiyefanya mtihani lazima naye aachiwe nafasi yake. Hata katika matokeo ya Baraza, asiyefika kwenye mtihani huandikiwa ABS, hafutwi kwenye orodha.

Njia ya tatu, ambayo mimi naiona bora kuliko zote, ni kuacha kabisa kutunza orodha tatu. Tunza rekodi. Jina, namba na alama za Daudi zifungwe katika kifurushi kimoja, za Editha katika chake. Kisha panga vifurushi. Kifurushi kikisogea, kila kilichomo kinasogea nacho, na hakuna namna alama itamwacha mwenyewe. Ni sawa na mwalimu mwenye kadi tano mezani: akizipanga, hawezi kusogeza alama bila kusogeza jina, kwa kuwa vimeandikwa kwenye kadi moja.

Najua wapo walimu wenzangu wasiokubaliana nami. Wanasema orodha tatu ni rahisi kwa anayeanza, na rekodi zinamchanganya. Hoja hiyo ina ukweli. Hata mimi huanza kufundisha kwa orodha tatu, ili mwanafunzi aone kazi ya nafasi. Lakini hatua ya kwanza isiwe ya mwisho. Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne akijua orodha sambamba tu, ataenda kutengeneza daftari la vikoba lenye majina, hisa na mikopo kwa namna hiyo hiyo. Au atamtengenezea mnunuzi wa zabibu hapa Dodoma orodha ya wakulima, kilo na malipo. Siku ikipangwa safu moja tu, mama aliyeleta kilo 200 atalipwa za kilo 20, na jumla ya fedha itatoka sawasawa kabisa.

Wengine husema, "Kompyuta inajua yenyewe." Haijui. Kwa kompyuta 78 ni namba tu, haina habari kwamba ni jasho la Editha. Tena, kuna lugha ambayo isipoelekezwa hata namba haizitambui kuwa namba. JavaScript, lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, isipopewa maelekezo hupanga namba kama maneno, kwa kutazama tarakimu ya kwanza. Alama zetu zikipangwa kwa kupanda zitatoka 100, 62, 78, 78, 9, kwa sababu 1 hutangulia 6, na 6 hutangulia 9. Ukigeuza mfuatano huo, Chiku mwenye 9 atakuwa wa kwanza darasani na Daudi mwenye 100 atashika mkia. Hapo rekodi zote ziko salama, lakini mpangilio ni batili. Lazima uieleze programu kwamba inalinganisha namba.

Mtahiniwa, huenda unajiuliza kwa nini nimesisitiza sana jambo dogo. Mwezi Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 yalipotoka, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Watu walibishana sana kuhusu uamuzi huo. Mimi nilijifunza jambo moja: taifa linaweza kuendelea bila kujua nani amekuwa wa kwanza, lakini haliwezi kuendelea iwapo mtoto hana hakika kwamba alama iliyo mbele ya jina lake ni yake. Kupanga ni kwa ajili ya kurahisisha kusoma. Umiliki wa alama ndio haki yenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujabandika, hujachapa wala hujakabidhi orodha yoyote, fanya haya:

1. Tunza nakala ya orodha ya mwanzo kabla ya kupanga.
2. Hesabu urefu wa kila orodha. Zote zilingane.
3. Jaribu kwanza kwa mkono, kwa watu watano, wakiwemo wawili wenye alama sawa.
4. Baada ya kupanga, chagua mstari wa juu, wa katikati na wa chini, uulinganishe kila mmoja na karatasi halisi. Usiridhike na jumla wala wastani.
5. Kompyuta ikikuuliza swali, lisome.

Katika mtihani, ukiulizwa kupanga orodha zinazohusiana, andika matokeo ya orodha zote na ueleze ni ipi iliyoongoza. Ukipewa nafasi washindi, waliolingana wape nafasi moja: Daudi wa 1, Baraka na Editha wa 2, Amina wa 4, Chiku wa 5. Hakuna wa 3, maana wawili wameshika nafasi ya 2 pamoja.

Zoezi: Wanafunzi Farida, Gerald, Halima na Isaya wana alama 45, 8, 90 na 45. (a) Andika orodha ya nafasi kwa mpangilio wa kushuka, ukianza kuhesabu na 1. (b) Onesha nani angepata daraja lisilo lake iwapo alama zingepangwa peke yake. (c) Je, wastani ungebadilika? Toa sababu.

Editha alirudishwa kwenye mchepuo wa sayansi. Niliomba radhi mbele ya darasa zima, nikabandika orodha mpya juu ya ile ya zamani. Mpaka leo, kila ninapopanga matokeo, natafuta kwanza karatasi ya mwanafunzi mkimya kuliko wote, nahakiki mstari wake, ndipo nachapa. Nawe fanya hivyo hivyo. Nakutakia maandalizi mema na mtihani mwema.