Huyo Mtoto Hana Laana, Mwacheni

Najua wengi wenu mnafungua ukurasa huu mkiwa kwenye matatu asubuhi hii, mkitarajia neno fupi la kuwafikisha kazini. Leo sina neno fupi. Leo nina ugomvi, na ninauleta hadharani kwa sababu jambo lenyewe linafanyika hadharani, mbele ya madhabahu, kwa kipaza sauti.

Kuna fundisho linalozunguka kwenye mikesha yetu, kutoka Gatwekera na Laini Saba mpaka Gatina na Congo hapa Kawangware. Linasema hivi: ukimchukua mtoto usiyemzaa, umeingiza nyumbani mwako madhabahu za ukoo usioujua. Mtoto akilia usiku, ni mizimu ya kwao. Baba akiachishwa kazi, ni mtoto. Mama akizidi kukosa mimba, ni mtoto amefunga tumbo. Basi familia inaitwa mbele, mtoto wa miaka mitatu anawekewa mikono na watu wazima sita wanaopiga kelele, anamwagiwa mafuta kichwani, anaamriwa atoke. Atoke nani? Aende wapi?

Mtoto wa umri huo hajui tofauti kati ya pepo na yeye mwenyewe. Anachosikia ni kwamba mama amemleta mahali ambapo watu wakubwa wanamwambia toka. Na huyu ni mtoto ambaye tayari alishatolewa mahali mara moja.

Mwezi huu mume na mke, washirika wetu, waliambiwa kwenye kesha la mahali pengine kwamba wamrudishe mtoto wao "alikotoka" ndipo Mungu awafungulie tumbo. Mama huyo alingoja miaka kumi na moja. Mtoto amekaa naye miaka miwili na miezi minne, anamwita mama, anamjua kwa harufu ya leso yake. Walikuja kwangu kuuliza kama kuna andiko linalokubali kurudisha mtoto. Mama aliuliza huku mtoto amelala mgongoni mwake. Mtumishi mwenzangu uliyetoa unabii huo, sitakutaja jina, lakini nataka unijibu kwa Biblia, si kwa ndoto.

Fungua Ezekieli 18. Watu wa Israeli walikuwa na methali yao kuhusu baba aliyekula zabibu mbichi na meno ya watoto wake, na Mungu akasema hataki kuisikia tena. Sura nzima ameitumia kueleza kwamba mtoto habebi dhambi ya baba yake. Wewe umeokota methali ambayo Mungu aliitupa, ukaipaka mafuta ya upako, ukaiita ufunuo. Halafu nikuulize, kama damu inabeba laana ambayo wokovu hauwezi kuikata, wewe damu yako ilisafishwa na nini? Babu yako hakutambika? Mjomba wako hakuwa mganga? Mbona wewe ulipookoka uliitwa kiumbe kipya, na mtoto wa miaka mitatu ambaye hajui hata kusema uongo anaitwa mlango wa mapepo?

Musa alilelewa na binti wa Farao, Kutoka 2. Esta alilelewa na Mordekai, binamu yake, wazazi wake walipokufa, Esta 2:7. Na Bwana wetu mwenyewe alilelewa na seremala ambaye hakumzaa, akaitwa mwana wa Yusufu kijijini kwao, Luka 4:22, na nasaba ya Mathayo inapitia kwa Yusufu huyo huyo mpaka kwa Daudi. Angekuja Yusufu kwenye kesha lako na mtoto mkononi, ungemwambiaje?

Lakini andiko ninalotaka mkalisome polepole ni Mwanzo 48. Yakobo mzee, karibu kufa, anawachukua Efraimu na Manase, wajukuu wake waliozaliwa Misri na mama Mmisri, anawahesabu kuwa wanawe sawa na Reubeni na Simeoni. Baraka peke yake haikumtosha. Aliwapa fungu katika urithi, na nchi ilipogawanywa walipata makabila. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Kumbeba mtoto tunaweza, picha tunaweza, ila siku ya kugawa shamba la ushago ndipo tunakumbuka damu. Sheria ya Kenya inamwona mtoto aliyeasiliwa kortini kama aliyezaliwa na hao wazazi, na anarithi kama ndugu zake. Serikali ya Kenya, ambayo tunaiombea kila Jumapili itubu, imemwelewa Yakobo kuliko baadhi ya wazee wa kanisa.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu huko ndiko mambo yako. Watu wanadhani familia yenye mtoto wa kuasili ina maisha ya ajabu. Hakuna la ajabu. Ni chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, pazia katikati, mtungi wa maji wa kujaza kabla foleni haijawa ndefu, daftari lililopotea, mafua, mandazi mawili yagawanywe mara tatu. Watoto wanapigania upande wa ukutani kitandani bila kuulizana nani alizaliwa wapi. Shida haitoki ndani ya chumba. Inaingia kwa mlango.

Inaingia na jirani wa ploti anayeuliza, "Huyu amechukua rangi ya nani?" Inaingia na mama wa chama anayenong'ona kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama yangu, methali hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu ukae kimya. Ni nani alikesha na mtoto huyo akiwa na nimonia? Huyo ndiye mzazi, na uchungu ameujua. Inaingia na mwalimu anayewapa watoto kazi ya kuchora ukoo wao, kisha mtoto anarudi nyumbani na karatasi tupu upande wa kuzaliwa. (Walimu wa kanisa letu, nawaomba, mtoto achore watu wanaompikia na kumwombea. Inatosha.)

Na inaingia na lile swali letu la Kenya: ni kabila gani? Mtoto aliachwa kando ya reli akiwa amefungwa shuka, hana barua wala jina, na sisi tunataka kujua kama ni Mluhya au Mkamba. Kibera tulizika watu 2008 kwa sababu ya swali hilo. Na bado linaulizwa juu ya mtoto mchanga. Kuna nyanya mmoja, Mkristo wa miaka mingi, alikataa mjukuu wa kuasili aitwe kwa jina lake kulingana na desturi ya Wakikuyu, akasema jina lake halitapewa "damu ya barabarani". Nikamwuliza, wewe unaitwa Rahabu. Unajua huyo Rahabu alikuwa nani na alitoka wapi? Alinyamaza. Jina bado hajatoa, lakini juzi alimnunulia mtoto sweta. Naomba naye.

Sasa nawageukia wanaume na wanawake mnaongoja mtoto, maana nina neno gumu kwenu pia. Aibu tunayowapa kanisani ndiyo inayowasukuma mahali pabaya. Kila Siku ya Mama tunawaita akina mama wapokee maua, na ninyi mnabaki vitini. Kila mgeni wa madhabahu anawaita akina Hana mbele. Basi dada anaanza kujifunga nguo tumboni miezi tisa, anasafiri, anarudi na mtoto, kanisa linapiga vigelegele. Mtoto katoka wapi? Mnakumbuka mwaka 2004 mahakama ya London iliamua kwamba mtoto aliyedaiwa kuwa wa muujiza, aliyezaliwa Nairobi, hakuwa na uhusiano wowote wa damu na waliodai kumzaa. Mnakumbuka Novemba 2020 BBC Africa Eye walivyoonyesha watoto wakiibwa na kuuzwa jijini humu, wengine kutoka kwa akina mama wanaolala barabarani. Mtoto uliyeuziwa kwenye kliniki ya chumba kimoja ana mama anayemtafuta. Usimwite huyo jibu la maombi. Shetani naye anajibu wenye haraka.

Na msidhani jambo hili ni la wahalifu tu. Wema nao unaweza kuiba. Mwaka 1955 Harry Holt na mkewe Bertha, wakulima Wakristo wa jimbo la Oregon kule Marekani, wenye watoto sita wa kuzaa, waliwachukua watoto wanane wa Korea waliobaki baada ya vita. Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalumu kwa ajili yao. Makanisa yalishangilia, familia nyingi zikafuata, na miaka ikapita mpaka Korea Kusini ikawa imetuma nje takriban watoto 200,000. Wengi walipendwa sana. Walifundishwa maandiko, wakaketi mstari wa mbele kanisani, na kila Jumapili wakaulizwa wametoka wapi hasa. Walipokua wakarudi Seoul kutafuta mama zao, na wengine wakakuta karatasi zao zilidanganya: mtoto aliyeandikwa yatima alikuwa na baba na mama. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya huko ilisema wazi kwamba serikali iliacha haki za watoto hao zivunjwe, rekodi zikaghushiwa. Upendo wa wale wazazi wa Marekani ulikuwa wa kweli. Karatasi ilikuwa ya uongo, na mtoto ndiye aliyelipa.

Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wetu Novemba 2014 kwa hofu ya biashara kama hiyo. Nakumbuka wachungaji waliolalamika, wakiuliza nani sasa atawachukua hao watoto. Swali zuri. Makanisa ya Kawangware peke yake huwezi kuyahesabu, mengine yametenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Tulikuwa tunamngoja nani kutoka Ulaya?

Kwa hiyo fuateni njia iliyonyooka. Mtoto akiokotwa, ripoti polisi, upate nambari ya OB, afisa wa watoto ajue. Ukitaka kuasili, nenda kwa shirika lililosajiliwa. Mtoto lazima awe na wiki sita au zaidi, na akae nawe miezi mitatu mfululizo ukiangaliwa kabla korti haijatoa amri. Watakuja kukagua nyumba yako. Waje. Hawatafuti sofa, wanatafuta kama mtoto atakuwa salama. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua pia malezi ya muda, na kwa jirani zetu Waislamu wa Makina inatambua kafala. Na mwambieni mtoto ukweli mapema, kwa maneno ya umri wake, kabla jirani hajamwambia kwa hasira kwenye foleni ya choo.

Jambo la mwisho linawahusu wale wanaobeba unga na sabuni kwenda kwenye makao ya watoto kila Desemba, kisha picha zinajaa hapa. Watoto wengi walio kwenye makao hayo wana mama au shangazi aliye hai. Walifika kule kwa sababu ya karo, ya ugonjwa, ya kodi ya nyumba. Serikali ina mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Kabla hujamtafuta mtoto wa kuasili, uliza kama mama yake anayefua nguo za watu Lavington angebaki naye akilipiwa kodi ya miezi mitatu. Umaskini wa mama wa Lindi haumfanyi mtoto wake kuwa yatima. Kumsaidia mama huyo abaki na mtoto ni kazi ya Yakobo 1:27 sawa na kuasili, ingawa haina picha nzuri.

Wale wenzi niliowataja hawatamrudisha mtoto. Tumekubaliana hivyo, tukaomba, na baba akasema atamwambia nabii mwenyewe. Jumapili hii tunamweka mtoto wakfu katika ibada ya pili, saa tano, kwa jina la ukoo wao. Hakutakuwa na kukemea wala mafuta ya kumwagwa. Mchango wa siku hiyo utaenda kwa kodi ya mama mmoja wa Silanga ambaye afisa wa watoto alitutumia jina lake.

Maoni yenu nitayasoma yote hapa chini, hata ya kunipinga. Leteni andiko tujadiliane. Lakini yeyote atakayeandika jina la mtoto au kuweka picha yake, nitamwondoa kwenye ukurasa huu bila kumpigia simu.