Mpagazi na Mzigo Wake

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba bidhaa baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19, walipatana kwanza ujira na posho, ndipo wakainua mzigo. Desturi hiyo ina mafunzo kwetu.

Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ilishirikiana na kampuni, zikiwamo Nokia na Vodacom, katika mradi wa Elimu kwa Teknolojia: masomo ya hisabati na sayansi yalipokelewa kwa simu, yakaonyeshwa darasani kwa televisheni. Ushirikiano wa namna hii ni wa kheri. Lakini mpagazi wa mwisho ni mwalimu.

Ndugu mwanachuo, kabla ya kupokea chombo, uliza: nani atalipia umeme? Nani atakitengeneza kiharibikapo? Nani atanifundisha kukitumia? Pasipo mapatano hayo mzigo utaachwa njiani, na mwenye hasara ni mtoto.