Ukubwa ubaki mezani, kugeuka kuende kijijini

Mchango wa mwaka wetu umefikia kiasi cha kununua kompyuta moja ya utafiti. Katika mkutano uliopita wengi walinyosha mkono kwa ile kubwa: kioo cha inchi 17 kinachogeuka kwa bawaba mpaka nyuma na kuwa kama tableti, kioo ambacho mtu anakigusa kwa kidole au kukiandikia kwa kalamu yake. Mimi sikunyosha. Wenzangu walishangaa, maana wanajua kwamba mashine ya aina hiyo ninayo mwenyewe. Mjomba wangu aliniachia miaka miwili iliyopita. Jibu langu halikutosha katika dakika tulizokuwa nazo. Naliandika hapa kabla pesa hazijatoka.

Nianze na uzuri wake, maana ni uzuri wa kweli. Aliyewahi kunukuu masimulizi kwa programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, anajua jinsi kioo kinavyojaa: juu video, chini mawimbi ya sauti, halafu mstari wa maneno, wa mofimu, wa tafsiri ya Kiswahili, wa tafsiri ya Kifaransa. Wasimulizi wakiwa wawili, mistari inakuwa mara mbili. Kioo cha kawaida cha inchi 13 kina upana wa sentimita 29 hivi. Cha inchi 17 kinakaribia 38, na eneo lake lote linazidi la kidogo kwa karibu asilimia 70. Hiyo si anasa. Kwenye kioo kidogo nilikuwa nasogeza dirisha huku na huku mpaka nasahau nilichokisikia. Kwenye kikubwa naiona sentensi nzima pamoja na sauti yake.

Kalamu nayo ina faida. Sisi tunaofanya kazi juu ya lugha za toni tunajua kwamba maandishi ya kila siku yanaficha mengi. Katika Kilingala, *moto* ni mtu na *motó* ni kichwa, lakini ujumbe wa simu hautofautishi. Ninapokuwa na mchoro wa sauti kutoka Praat, huuhifadhi kama picha, nikaandika juu yake kwa mkono: hapa imepanda, hapa nina shaka, hapa niulize tena. Kwa kipanya kazi hiyo inachosha.

Lakini faida kubwa niliyoiona ni ya kule kugeuka. Kiangazi kilichopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha Wasanga upande wa Kambove, kwa kambo mmoja aliyekubali kunifundisha majina ya vyombo vya uvuvi na vya shamba. Siku ya kwanza niliifungua kompyuta kwa namna ya kawaida: mimi nyuma ya kioo, yeye upande wa pili. Alijibu kwa neno moja moja, kama mtu aliyeitwa ofisini. Siku ya pili niliigeuza, nikaisimamisha kama hema, kibodi upande wangu na picha upande wake. Akaanza kugusa picha mwenyewe, akarudi nyuma kwenye zile nilizodhani tumezimaliza, akacheka mtego mmoja niliouita vibaya, akaeleza kwa nini si huo. Lugha ilianza kutoka kwa sentensi. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba bawaba ile ni mchezo.

Sasa upande wa pili. Kwa Kiswahili sanifu tunaiita kompyuta mpakato, jina linalotoka katika kupakata, kama mama anavyompakata mtoto. Yangu ina kilo mbili na nusu, na chaja yake ni uzito mwingine. Wanaosema itakuwa tableti hawajaishika mkononi kwa robo saa. Ukiigeuza, kibodi inakuwa chini, vidole vinakaa juu ya vitufe vilivyozimwa, na mkono unatetemeka kabla kambo hajamaliza methali moja. Mwisho unailaza mkekani, na ikishalala mkekani wote wawili mnainamia. Juu ya pikipiki niliipakata kweli, kwa hofu ya bawaba, kwa sababu kioo kizito kinaivuta kila tunaporuka shimo.

Kuna jua pia. Vioo vingi vya kugusa vinang'aa kama maji. Chini ya mwembe kambo aliona uso wake kuliko picha. Nikaongeza mwanga wa kioo, na hapo ndipo kasoro iliyo nzito kuliko zote ilipojitokeza, yaani umeme. Betri yangu ni ya wati-saa 80. Paneli ndogo ya jua tuliyokuwa nayo ni ya wati 20. Kwa hesabu tupu ni saa nne za jua kali bila kupoteza chochote, na kila mtu anajua kwamba kitu hupotea. Siku ya nne mashine ilizimika katikati ya hadithi. Kambo hakusimama, hadithi haingojei betri. Sauti iliokolewa na kinasa sauti kidogo kinachotumia betri mbili za dukani. Video haipo. Ishara za mikono alizoonyesha mtego unavyofungwa sitaziona tena mpaka nirudi.

Ndiyo maana sikunyosha mkono. Nikizipanga faida na kasoro upande kwa upande, naona hazikai mahali pamoja. Ukubwa wa kioo ulinisaidia mezani, Lubumbashi, wakati wa kunukuu. Kugeuka kulinisaidia kijijini, mbele ya msemaji. Mashine inayounganisha mambo hayo mawili inatubebesha ukubwa pale usipohitajika.

Pendekezo langu ni hili: tununue yenye kugeuka, lakini ya inchi 13, ya kilo moja na kidogo, yenye betri ndogo ambayo paneli ile ile inaweza kuijaza mapema zaidi. Pesa inayobaki tutafute kioo kikubwa cha kawaida, hata kilichotumika, kikae katika chumba chetu cha kazi. Tukirudi tunaunganisha kwa waya, na mistari ya ELAN inapata nafasi yake.

Najua swali litakalokuja: wazee wana macho hafifu, je, kioo kidogo hakitawanyima? Ni swali la haki. Lakini kijijini hatuonyeshi mistari kumi na miwili. Tunaonyesha picha moja, na picha moja inaweza kujaza kioo chote. Anayeona vibaya zaidi tutasogea karibu naye, jambo ambalo mashine nyepesi inaruhusu na nzito inakataza.

Tutakapopiga kura Ijumaa, naomba tusiulize ni ipi inayopendeza ikiwa juu ya meza ya duka. Tuulize ni ipi itakayokuwa bado inawaka kambo atakapofika mwisho wa hadithi.