Wa Kwanza Kuhudumu

Milango ya ofisi nyingi Nairobi ina karatasi imebandikwa: "First come first serve." Kiingereza sanifu kinataka "served", yaani wa kwanza kuja ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Ukidondosha hiyo "d", aliyewahi anageuka mhudumu. Kiswahili kina mtego uleule: kuhudumia na kuhudumiwa vimetenganishwa na "w" moja tu. Wajuaji hucheka kosa hilo. Mimi naona karatasi inasema kweli kuliko aliyeiandika.

Nani hufanya kazi kwenye laini? Yule aliyefika saa 11 alfajiri. Ndiye anayeandika majina kwenye kikaratasi, anayemshikia mama nafasi akanyonyeshe, anayemfokea kijana anayejipenyeza. Saa 3 soja anafungua mlango, orodha inatupwa, na wa kwanza kuingia ni mtu aliyeshuka kwenye gari sasa hivi, simu sikioni. Nililiona hilo katika ofisi moja nikiwa nambari 14. Hakuna aliyeuliza, ati tusije tukanyimwa fomu.

Lakini tuseme soja ni mwaminifu. Bado sikubali. Kuwahi kunategemea unapoishi. Jirani wa ofisi huamka saa 12, akanywa chai, akatembea. Wa Rongai hupanda matatu gizani, na akiwa msichana huangalia kwanza nani amesimama pale steji. Halafu eti wote tumepimwa kwa saa moja! Fomu zikipelekwa mtandaoni ni yale yale: mwenye bando na laptopu yake anamaliza nafasi kabla wa saiba hajapata kiti.

Na msiniambie bila kanuni hiyo kutakuwa na vurugu. Hospitalini, aliyegongwa na boda hapangi laini nyuma ya mwenye mafua. Siku ya kura, wajawazito, wazee na watu wenye ulemavu hupitishwa mbele, na sijasikia mtu akinung'unika. Laini yenyewe si takatifu pia. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, wakahesabiwa mchana kweupe, na kuna mahali laini fupi ilitangazwa mshindi.

Kwa hivyo anayebandika karatasi atuambie basi: fomu ziko ngapi, wa mbali wamewekewa ngapi, na mgonjwa anaingilia wapi? Akiyaandika hayo, hiyo "d" abaki nayo.