Ombaomba na Wajibu Wetu

Katika mji wa Same, ambako hupita mabasi yaendayo Moshi na Arusha, si jambo geni msafiri kunyoshewa mkono. Wako watoao sarafu, wako wageuzao uso, na wako watukanao. Hata yule atoaye, mara nyingi hutoa ili aondoke na roho iliyotulia. Twapenda kusema wazi kwamba hakuna kati ya hao watatu aliyelimaliza jambo lenyewe.

Yafaa kwanza tuulize ni nani aombaye. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutupa kipimo. Lilikataa kwamba mtu mwenye nguvu aishi kwa jasho la mwingine, lakini likawatenga watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu na wale ambao dola haijaweza kuwapatia kazi. Basi kizee kipofu akaaye kando ya barabara haombi hisani. Anadai haki yake, na anaidai mahali pasipostahili kwa sababu kwao hakuipata.

Wako wasemao kwamba ombaomba wakamatwe na kurudishwa makwao. Njia hiyo si mpya. Wakoloni waliitumia, na mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi. Lori liliwachukua watu, lakini halikuichukua sababu iliyowaleta mjini.

Sababu hiyo katika Same haikujificha. Milimani, kama kule Mamba, mvua hunyesha na tangawizi hustawi. Tambarare ni kukavu. Mvua ikikosekana msimu mmoja mahindi hukauka na mifugo hufa. Mwenye nguvu huenda kutafuta kibarua. Asiye na nguvu hubaki na mkono wake tu.

Walakini watu wa Upare hawahitaji kufundishwa ushirikiano. Kwa msaragambo walichimba mifereji na ndiva za kuwekea maji, wakajenga shule na barabara. Mwenye nguvu asiyetokea bila sababu hutozwa faini. Maana yake ni kwamba wenye nguvu huhesabiwa. Na pale wanapohesabiwa wenye nguvu, asiyejiweza naye hujulikana.

Basi ifanyweje? Mtoto aombaye wakati wenzake wako darasani asipewe fedha, maana fedha hiyo ni ujira wa kumweka mbali na shule. Akiwa na njaa apewe chakula, na afisa wa ustawi wa jamii aarifiwe. Ada ya shule ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilikwisha kuondolewa, wala haifai kuwa kisingizio. Kijana mwenye afya aelekezwe kwenye kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fedha hizo zisiishie kwa wenye kujuana. Mzee na mlemavu apewe, tena kwa heshima, lakini atoaye aulize pia jina na kijiji chake. Jina hilo lifikishwe kwa balozi wa shina, na itazamwe kama kaya yake imo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini.

Mashina ya nyumba kumi yalianzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ili watu wajuane na serikali iwasikie. Kiongozi ajuaye idadi ya kadi zilizolipiwa, asijue ni jirani yupi aliyelala na njaa, bado hajaianza kazi yake. Wanachama na wafanyakazi wa Same na waanzie hapo: kila mkono ulionyoshwa stendi una nyumba ulikotoka, na nyumba hiyo ina balozi wake.